Mwahija na Vidau vya Wanja

Usiku ule Mwahija hakulala, na si kwamba hakujaribu. Aligeukia ukuta, akageukia mlango, akavuta leso hadi masikioni, akaishusha. Paka akaruka juu ya makuti. Akasema moyoni, huyo paka wa jirani. Mtu akakohoa njiani. Akasema, huyo mwadhini, kifua kinambana tangu baridi ianze. Kila sauti aliitafutia mwenyewe, na kila alipompata alijua kwamba si mwanawe Abdulatifu.

Ulikuwa Mfungo Tisa wa mwaka ule Wamatumbi walipong'oa pamba ya serikali na vita vikaanza. Abdulatifu alikuwa ametoka Kivinje kabla ya hapo, njia zikiwa bado salama, mfuko wa vidau begani. Kila mwaka baada ya mavuno, harusi zinapoandamana, alipanda vilima vya Umatumbi akauza vidau kwa maharusi, akarudi na magogo ya mpingo. Siku kumi, kwenda na kurudi. Zikizidi sana, kumi na mbili. Usiku huu ulikuwa wa ishirini na tatu.

"Wifi," sauti ya Mastura ikatoka gizani, upande wa pili wa chumba, "kitanda hicho ukikizungusha hivyo kitazaa."

"Nimekuamsha?"

"Niko macho tangu ulipoanza kuhesabu paka."

Mastura alikuwa dada wa marehemu Fakihi, mume wa Mwahija. Alikuja kuomboleza kifo cha kaka yake, eda ikaisha, yeye hakuondoka, na Mwahija hakumuuliza ataondoka lini. Mwili wake ulikuwa mpana na ulimi wake mwembamba.

"Atakuwa amekwama kwa rafiki," akasema Mastura. "Au kaona mke."

"Mke gani wakati wa vita?"

"Wakati wa vita ndipo huonwa kwa urahisi. Wanaume wengine wote wamekimbia."

Mwahija alitupa leso kando. Akaondoka kitandani, akawasha taa, akaenda kwenye chumba cha uani ambamo kazi yao ilifanyika. Mikono yake ikishika kitu, fikira zilipungua mbio.

Chumba hicho kilikuwa kidogo, ukutani misumeno miwili, tezo, tupa, na ile keekee ya marehemu, chombo cha kutobolea mti kinachozungushwa kwa uta. Kwenye kapu kulikuwa na vidau zaidi ya thelathini. Kidau cha wanja ni kitu cha urefu wa kidole gumba, cha mpingo mtupu. Ndani hutobolewa kitundu chembamba kama bua la mpunga, na kizibo chake hukatwa katika kipande kilekile, chini yake kikiwa na kijiti cha kupakia. Nje huchorwa mawimbi au maua ya mkadi, kisha michoro hujazwa chokaa, hata weupe ukatokeza katika ule weusi. Bibi harusi wa Kivinje asiye na kidau cha nyumba ya Fakihi alikuwa kama hajaolewa vizuri.

Watu walijua kwamba Fakihi alipokufa kazi ilimwangukia mwanawe. Hivyo ndivyo walivyojua. Ukweli ni kwamba Abdulatifu alikuwa na mkono mzuri wa kukata magogo na mdomo mzuri wa kuuza, lakini mpingo mdogo ulimshinda. Ulipasuka mikononi mwake kama biskuti. Aliyechonga ni Mwahija. Alijifunza miaka ile mitatu ambayo Fakihi alikuwa akitetemeka vidole, akikaa nyuma yake na kumwambia, "Usiusukume mti. Uache uta ufanye kazi." Mafundi wa mtaa wao walikuwa wakisema mti uliochongwa na mwanamke hupasuka ukipata baridi, na nani atampa bibi harusi kitu kitakachopasuka? Kwa hiyo Mwahija alichonga mlango ukiwa umefungwa, na kila alipogonga patasi, Mastura alikaa uani akatwanga kinu ili sauti ya mchi imeze sauti ya nyundo. Mara nyingi kinu kilikuwa kitupu. Majirani walisema nyumba ile, hata wakati wa njaa, inakula vizuri.

Usiku ule alichukua jani la msasa, lile jani kavu linalokwaruza kama ulimi wa paka, akaanza kukisugua kidau kimoja ambacho kilikuwa laini tayari. Alisugua hadi adhana ya alfajiri.

Hodi ilipigwa kabla hajamaliza kutawadha. Alikuwa Likwata, Mmwera wa Milola, mchukuzi wa mizigo aliyezoea kufuatana na Abdulatifu njiani. Miguu yake ilikuwa imejaa mikwaruzo ya miiba, na hakutaka kukaa barazani. Aliomba aingie ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Tuliachana chini ya kilima siku ya nane leo. Yeye alisema anasubiri magogo yake, mimi nikasema magogo hayanihusu, roho yangu inanihusu. Nimepita porini."

"Alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa. Alikuwa ananicheka." Likwata akanywa maji, akaangalia kata ile kana kwamba nayo ingemsemea. "Ila njia ni mbaya, mama. Askari wanapekua kila mzigo. Wanatafuta watu wa maji, wale wanaopeleka dawa kijiji hadi kijiji. Mwenye kibuyu kidogo, mwenye kipande cha mwanzi chenye kizibo, kamba shingoni. Nimeona mzee kafungwa kwa kibuyu cha tumbaku. Ananusisha askari tumbaku yake, wanamwambia, ndiyo dawa yenyewe hiyo."

Likwata alipokwisha kuondoka, Mwahija alisimama katikati ya chumba cha uani akilitazama lile kapu. Kitu kidogo, chenye tundu, chenye kizibo. Alivitazama vidau kama ambavyo askari angeviona, na vikabadilika machoni pake.

"Mastura, washa moto."

"Asubuhi yote hii tunapika nini?"

"Tunachoma hivi."

"Wewe! Kazi ya miezi mitano?"

"Wakija kupekua nyumba wakavikuta, Abdulatifu akirudi atarudi kwenye nyumba ya watu wa maji. Washa."

Mpingo hauungui upesi. Vidau vilikaa mekoni vikiwa vyekundu kama makaa ya mhunzi, na moshi wake ulinukia kama ubani. Hapo angeishia. Lakini Mwahija alikuwa mtu ambaye hofu yake haikutosha nyumba moja. Alijifunga buibui lake akatoka, nyumba hata nyumba, kwa kila mwanamke aliyewahi kununua. Bisha hodi, vuta mtu pembeni, nong'ona: kile kidau, mwenzangu, kitupe, leo hii, usiulize. Wengine walibisha, wengine walilia, maana vilikuwa vya mahari zao. Wote walitupa. Alasiri alirudi nyumbani miguu inamuuma, akahisi amefanya jambo la maana, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akala akashiba.

Siku ya pili yake, Alhamisi, alikuja Mfaume.

Mfaume alikuwa mkalimani bomani. Alisoma skuli ya serikali, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, na kwa kawaida hakupita mtaa huu kwa miguu. Alisimama mlangoni akatoa salamu ndefu kuliko ilivyohitajika, na Mwahija, aliyezoea kuwatazama watu mikono badala ya nyuso, aliona vidole vya kijana yule vikikunja na kukunjua ncha ya kanzu.

"Sema, mwanangu."

"Abdulatifu yuko bomani. Ameletwa jana jioni kwenye kamba na watu kumi na mmoja wengine."

Mastura akasema "Ala!" akakaa chini palepale alipokuwa.

"Mzima?"

"Mzima. Amechoka. Walimkuta na vidau vitatu ambavyo hakuviuza. Shaushi wao, mkubwa wa askari, aliogopa hata kuvishika. Alivisukumia motoni kwa fimbo, kisha akamfunga aliyekuwa navyo." Mfaume alishusha sauti. "Mama, mimi navijua vile ni vitu gani. Nilimwambia bwana mkubwa, yule Mdachi, hivi ni vya wanja, vya wanawake. Akaniambia, kama mji mzima unavyo, niletee kimoja nikione. Jumatatu atasikiliza maneno yao. Wale watakaoonekana ni wapeleka dawa..." Hakumaliza. Kivinje nzima ilijua kwamba wale wa wiki iliyopita walinyongwa.

"Basi mpelekee kimoja!" Mastura akasema. "Mkeo anacho. Nilimpelekea mwenyewe."

"Nilikwenda kwake mbio. Kakitumbukiza chooni jana. Mpumbavu mmoja kapita akiwaambia wanawake watupe vidau vyao."

Mastura alimtazama wifi yake, kisha akatazama dari.

"Ni mimi," Mwahija akasema.

Ijumaa yote aliirudia njia yake ileile. Nyumba hata nyumba, bisha hodi, lakini sasa akiomba. Yule alikitupa baharini maji yalipokupwa. Yule alikizika, na mahali alipokizika hapakumbuki, wakachimba ua wote hadi mizizi ya mpapai. Bibi mmoja mzee alicheka hadi akatoa machozi: "Mwahija, tangu nizaliwe sijaona mji ukamtii mtu upesi namna hii. Hata liwali hatiiwi hivi." Mwahija naye akacheka, kisha akalia mlangoni pa mtu, akajipangusa, akaenda nyumba ya mbele. Hadi magharibi alikuwa hajapata hata kizibo.

"Basi chonga," Mastura akasema alipomwona anaingia mikono mitupu.

"Kwa mti gani? Magogo ndiyo hayo aliyoyafuata."

Mastura alikwenda uani. Alirudi na mchi wake, ule mchi mrefu wa mpingo uliokuwa wa mama yake, kichwa chake kimekuwa kama kioo kwa kutwanga. Akauweka miguuni pa wifi yake.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Kwanza umenichosha kutwanga hewa."

Jumamosi, jua lilipochomoza, Mwahija alikata kipande kwenye ncha ya mchi. Mti ule ulikuwa mkavu wa miaka arobaini, mgumu kuliko wowote aliowahi kuushika. Meno ya msumeno yalilia. Na hapakuwa tena na mchi wa kuficha kilio hicho. Kabla ya saa nne sauti ya jirani ikavuka ua wa makuti:

"Bi Mastura! Nasikia nyundo. Fundi amerudi?"

"Fundi hakuwahi kuondoka!" Mastura akajibu kwa sauti iliyofika msikitini.

Mwahija hakuinua kichwa. Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka mbele, kipande kimebanwa katikati ya nyayo zake mbili kama Fakihi alivyomfundisha. Alichonga kizibo kwanza, na chini yake kijiti, akikipunguza unyoya kwa unyoya, maana kijiti kikivunjika kizibo hakina kazi. Kisha akachukua keekee. Kutoboa ndiko kunakoua vidau. Ukienda pembeni kidogo, ukuta unakuwa mwembamba upande mmoja na mti hupasuka; ukienda chini mno, unatokea upande wa pili, nawe umetengeneza shanga. Aliuweka msukano, ile ncha ya keekee, katikati, akavuta uta taratibu, kwenda, kurudi, kwenda. Unga mweusi ulipanda kidogo kidogo. Pumzi yake ilifuata uta. Kwa muda ule, na hili hakumwambia mtu, hakumwaza mwanawe hata kidogo.

Kidau cha kwanza kilipasuka adhuhuri. Akakitazama, akakiweka kando, akakata kipande kingine. Cha pili kilikubali. Jumapili alikichora mawimbi kwa ncha ya kisu, akasugua kwa msasa, akakijaza chokaa, akakisuuza. Kukiosha nako kulikuwa kazi: maji yakishaingia katika kitundu kile hayataki kutoka, unaweza kukipindua ukakishikilia hadi mkono ukafa ganzi. Ilimbidi ayanyonye kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti. Alikuwa akifanya hivyo miaka yote bila kulifikiria. Mara hii alisimama, kidau kimepinduliwa mkononi, akakitazama muda mrefu.

Jumatatu asubuhi wakaenda bomani. Mwahija alimwambia Mastura asibebe chochote chenye makali, maana askari wa lango wangewageuza. Mastura alisema amesikia.

Chini ya ukuta walimkuta mwanamke wa Kimatumbi amekaa na kitoto mgongoni. Jina lake Adija. Mumewe alikuwa kwenye kamba ileile, naye alikuwa amewafuata askari kwa miguu kutoka kilimani. Alipata kipande cha muhogo kutoka kwenye kikapu cha Mastura, akakigawa nusu, nusu akaifunga ndani ya upindo.

"Wako amekutwa na nini?" Mwahija akamuuliza.

"Na kibuyu."

"Kilikuwa na nini?"

"Maji," Adija akasema. "Ya kunywa. Safari ina kiu."

Mfaume akatoka kuwaita. Bwana mkubwa alikuwa amekaa kivulini nyuma ya meza, mwanamume mwenye macho mekundu ya usingizi mchache. Alikipokea kidau, akakifungua, akakinusa, akapitisha ukucha juu ya mawimbi. Kisha akasema maneno, na Mfaume akayageuza.

"Anauliza, kijana ameandikwa hapa akisema kwamba vyombo hivi huvichonga yeye, peke yake, hakuna mwingine. Yeye yuko ndani tangu Jumatano. Na hiki?" Mfaume akaongeza haraka bila kusogeza midomo sana, "Sema cha zamani, mama. Sema cha zamani."

Lilikuwa jambo jepesi. Neno moja. Mwahija aliufungua mdomo wake kulisema, kisha akaona yule Mdachi anasugua kidole kwa kidole, na kwenye vidole vile kulikuwa na weupe wa chokaa. Chokaa ya zamani haitoki. Naye ameiona.

"Kimemalizika jana," akasema. "Nimekichonga mimi. Na vile vingine vyote ni mimi."

Mfaume alisita kabla ya kugeuza. Alipogeuza, askari wawili walicheka.

"Anauliza, basi mwanao alisema uongo?"

"Mwambie ndiyo. Lakini si uongo wa vita, ni uongo wa nyumbani. Alikuwa ananisitiri mamake. Kazi hii hapa kwetu si ya wanawake."

"Anasema, hata kwao si ya wanawake. Anasema mama yeyote angesema hivyo ili kumtoa mwanawe."

Hapo Mastura akajisukuma mbele, akakitua kikapu chake, na kutoka chini ya muhogo akaitoa keekee na uta wake na vipande viwili vya mchi.

"Nilikwambia usibebe!" Mwahija akasema.

"Ulisema chenye makali. Hiki kina ncha."

Askari akainyakua keekee, akaizungusha, akamtazama bwana wake. Naye akaashiria kwa kidevu kwamba arudishiwe. Basi Mwahija akakaa chini kwenye ua wa boma, mbele ya wanaume wote wale, akanyoosha miguu, akabana mti kwa nyayo. Aliweka msukano katikati. Usiusukume mti. Akavuta uta mara moja, mara mbili, mpaka ukashika mdundo wake. Unga mweusi ukaanza kupanda. Wale waliokuwa wakicheka walikuwa wamesogea waone. Alitoboa hadi kina cha kidau, akapuliza, akampa Mfaume, Mfaume akampa bwana. Kitundu kilikuwa katikati sawasawa.

"Sasa naomba maji," Mwahija akasema.

Neno lile mwaka ule halikuwa neno la kusema bomani. Askari mmoja alirudi nyuma, mwingine akashika bunduki vizuri. Mfaume akamtazama Mwahija kama mtu anayetazama chombo kikianguka rafuni.

"Ya kunywa," akasema. "Kikombe kimoja. Mwambie bwana nataka kumwonyesha."

Yaliletwa. Aliyadondosha kidogo kidogo ndani ya kidau kilichochorwa mawimbi mpaka kikajaa, akasimama, akakipindua juu ya meza ya bwana mkubwa, juu ya karatasi zake. Mfaume alifumba macho. Halikutoka hata tone.

"Dawa ya wale watu hunyunyizwa," akasema. "Mimi sijaiona, lakini ndivyo kila mtu asemavyo, humwagiwa mtu kichwani, huzungushwa kijijini. Hiki hakimwagi. Kitundu chake ni chembamba mno. Anayetaka kilichomo ndani lazima akitoe kwa kijiti, kidogo kidogo, kama wanja. Hiki hakiwezi kupigana vita, bwana. Kinaweza jicho tu."

Bwana mkubwa alikichukua, akakijaza mwenyewe, akakipindua. Akangoja. Akakitikisa, tone moja likaruka likaangukia ncha ya mkono wa shati lake, akalitazama lilivyokuwa linaingia kwenye kitambaa. Hakutabasamu. Aliandika kitu, mstari mmoja, akaondoka akaingia ndani, na kidau akakiacha mezani kimelala ubavu.

"Amesema nini?" Mastura akauliza.

"Hakusema," Mfaume akajibu. "Kangojeni nje."

Wakangoja pale chini ya ukuta, pamoja na Adija. Mlango wa gereza ulikuwa mbele yao, mbao nene zilizopigwa vyuma, na Mwahija, kwa mazoea ya macho yake, aliziona mbao zile jinsi zilivyounganishwa vibaya, fundi alikuwa na haraka. Jua lilipanda juu ya ukuta. Kitoto cha Adija kililia, kikanyonya, kikalala. Mastura alianza hadithi moja ya kuchekesha, akaiacha katikati. Adhuhuri iliadhiniwa. Mwahija alisali akiwa amekaa, uso kwenye mlango ingawa kibla haikuwa huko, akamwomba Mungu amsamehe na hilo pia.

Baada ya sala Adija akasema polepole, "Kile ulichomwonyesha. Kibuyu chetu nacho ukikipindua..."

"Kinamwaga," Mwahija akasema.

"Kinamwaga," Adija akakubali.

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka kiasi cha mtu kupita kwa ubavu, na akatokea Abdulatifu, akiinua mkono kukinga jua. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa na alama za kamba. Aliwaona, akaona keekee juu ya kikapu, mchana kweupe, hadharani, akamtazama mamake. Mwahija hakukimbia. Aliinuka, akaenda, akamshika kiganja, akakigeuza huku na huku, kama anayekagua mti usije ukawa na ufa.

Nyuma yake Adija alikuwa amesimama pia, kitoto kimeamka mgongoni, shingo ameinyoosha kutazama ndani kupitia ule upenyo. Mwahija alihama mbele yake, akamvuta na Abdulatifu kando, ili Adija aone vizuri. Ndani kulikuwa na giza na sauti ya mtu akikohoa. Askari aliwatazama wote wanne, akahesabu kwa kidole walioruhusiwa kutoka, akapata mmoja tu, na akaufunga mlango.